Shina la eringi linaliwa

Ukijiuliza kama shina la eringi, aina ya uyoga, ni la kutupa: hapana, usilitupe. Kwenye eringi shina hilo nene jeupe ndilo chakula chenyewe, kofia ni nyongeza tu. Usiuchanganye na shiitake, uyoga mwingine ambao shina lake ni gumu na wapishi wengi hulitoa. Eringi ni ndugu wa uyoga wa mamama; kata ncha ya chini tu, pale palipokauka.

Naupika kazini mara kwa mara: kata vipande vya mviringo vyenye unene wa sentimita 2 hivi, chora mistari ya kupishana kwa ncha ya kisu, panga kwenye kikaango cha moto chenye mafuta kidogo, kisha usiviguse mpaka chini viwe vya kahawia. Geuza, ndipo utie siagi, kitunguu saumu na sosi ya soya kidogo. Siagi ikitangulia itaungua. Ukitafuna utadhani pweza aliyeiva vizuri, mtamu kweli!

Ila usiuloweke kwenye maji, futa kwa kitambaa chenye unyevu, maana ukilowa hautakauka kikaangoni, utachemka. Na shina likiwa linateleza na kutoa harufu kali, huo umeshaharibika.