Maswali ya wasomaji: Mbona wageni wa Space Invaders wanaanza kukimbia?

SWALI: Habari ya huko mhariri. Mjomba alituletea Atari 2600, ile mashine ya gemu ya kuunganisha na TV, kutoka Marekani miaka hiyo, imekaa juu ya kabati tu, na kaseti ni moja, Space Invaders, gemu ya kupiga risasi wageni wa kutoka angani. Juzi nikaipeleka kwa fundi Luthuli akaiwasha na adapta yake na kweli ikacheza, lakini wale wageni wakibaki wawili watatu wanaanza kukimbia kama mahoka wameona kanjo. Fundi anasema kaseti imechoka ninunue ingine. Alafu kijana wangu ameona kwa intaneti ati wageni wanafaa kuwa 55, mimi nahesabu 36. Tuliletewa feki ama? Na nikifika nyumbani nichomeke tu kwa soketi?
Baba Ciku, Umoja

JIBU: Baba Ciku, wageni watangoja kidogo tuongee stima kwanza. USICHOMEKE. Adapta ya mjomba ni ya volti 120 na hapa kwetu soketi ni 240, utasikia harufu kabla hujaona picha. Hiyo mashine inataka volti 9 za DC, miliampea 500, na kile kichwa cha waya kinafanana na cha earphone za zamani, ncha ndio chanya. Adapta ya hapa ya volti 9 yenye huo mpangilio inatosha, si lazima ubebe transfoma kubwa kama tofali.

Sasa, kaseti haijachoka, na hela yako weka mfukoni. Kukimbia ndio gemu yenyewe. Mjapani Tomohiro Nishikado alipoitengenezea kampuni ya Taito mwaka 1978, ile ya kusimama unatia sarafu, prosesa ilikuwa inalemewa kuchora wageni 55 kwa mpigo, kwa hivyo ukiwapunguza inapata nafasi na wale wanaobaki wanaenda mbio. Angeweza kurekebisha, lakini akaona hivyo ndio tamu akaiacha. Yule wa mwisho anakutoa jasho kuliko wale wote wa kwanza, sindio?

Na hizo 36 hesabu yako iko sawa kabisa, mwambie kijana intaneti inaongea juu ya ile ya sarafu, safu 5 za wageni 11. Yenu ni ya 1980, iliandikwa na Rick Maurer wa Atari, na hapa mimi huvua kofia. Hiyo mashine ina RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya baiti 128, si kilobaiti, BAITI, meseji moja ya simu ya herufi 160 haiingii hapo. Haina hata mahali pa kuweka picha, programu inachora mstari kwa mstari wakati TV yenyewe inachora, ikichelewa kidogo imeharibu. Na chipu yake inajua vitu viwili tu vya kuitwa wachezaji, ila kila kimoja inaweza kukirudia mara tatu kwa mstari. Mbili mara tatu ni sita, na ukihesabu safu yako utapata wageni sita, mara safu sita, ndio hiyo 36. Yote imeingia kwa kaseti ya kilobaiti 4, na bado wakabanana wakaweka aina 112 za kucheza, kuna hadi ya wageni wasioonekana (hiyo mimi siiwezi, nimejaribu). Watu walinunua mashine juu ya hiyo kaseti moja, mauzo yake yakapanda sana.

TV inaweza kukusumbua kidogo juu mashine ni ya NTSC, mfumo wa TV wa Marekani, na sisi ni watu wa mfumo mwingine, PAL. Flat nyingi za siku hizi zinaelewa zote mbili, lakini ile ya mgongo inaweza kukuonyesha picha haina rangi ama inapanda juu juu, hapo usilaumu mashine. Tafuta stesheni kwa mkono, ile ya kujitafuta yenyewe huruka.

Na kwa sababu umeandika vizuri, nikupe kitu. Shikilia swichi ya reset, ukiwa bado umeishikilia washa mashine, utakuwa unapiga risasi mbili mbili. Alama zikipita 9999 zinarudi sifuri kwa hivyo piga picha mapema, na kijana asikuone ukishika hiyo reset.