Kuchagua weda za kuwindia bata: anza na mguu, kitambaa baadaye

Mkuu, umesema huu ndio msimu wako wa kwanza kuwinda bata huku Minnesota, Marekani, una dola 250 za weda, na umekwama kati ya zile nene za neoprini (mpira laini wenye vipovu vya hewa) na zile nyembamba zinazopitisha jasho. Nimewinda jimbo hilihili misimu saba. Nimevaa zote mbili na nimelowa ndani ya zote mbili.

Kwa mnaopita tu hapa: weda ni kama ovaroli lisiloingiza maji, linapanda hadi kifuani, na chini limeungana na gambuti.

Kosa langu la kwanza halikuwa la kitambaa, lilikuwa la kiatu. Navaa namba 11, nikanunua 11, muuzaji akanisifia kwamba zimenikaa kama nimeshonewa. Kweli zilinikaa, pale dukani, na soksi nyepesi za kanisani. Mwezi wa kumi na moja nikazivaa na soksi mbili za sufu. Sheria inaruhusu kuanza kupiga nusu saa kabla ya jua kuchomoza, kwa hiyo unaingia kwenye matete gizani na kutulia. Kufika saa mbili asubuhi nilikuwa nakanyaga kitu nisichokijua, miguu imekufa ganzi. Ile soksi ya pili ilinipunguzia joto badala ya kuniongezea: mguu ukibanwa damu haishuki vizuri, na ile hewa kidogo inayotunza joto kati ya sufu na kiatu haina pa kukaa. Sasa navaa 12 na soksi moja nzito, vidole vinacheza humo ndani.

Ila usipitilize. Mimi nimekulia Kahama kwenye majaruba ya mpunga, tope nalijua tangu utoto, lakini tope la mabwawa ya huku ni jeusi, lina majani yaliyooza ya miaka na miaka, na linafyonza. Kiatu kikiwa kipana kwenye kifundo, unavuta mguu, kisigino kinapanda peke yake, kiatu kinabaki chini, na wewe unaenda kifudifudi na bunduki mkononi. Tafuta chenye kamba au mkanda wa kubana kifundo. Na ukinasa, usivute mguu juu wima. Inua kisigino kwanza, kama jarubani.

Kwenye buti utaona nambari: gramu 600, 800, 1200, 1600. Huo si uzito wa buti, ni kipimo cha lile tabaka la ndani linalozuia baridi. Kwa mtu anayekaa kimya majini hadi msimu wa barafu, chini ya 1000 mimi sinunui.

Sasa kitambaa. Ungekuwa unawinda septemba tu, au unatembea kilomita mbili kufika bwawani, ningekwambia chukua nyembamba, uvae nguo za joto ndani kadiri ya siku. Neoprini ukitembea nayo unapika. Unafika umelowa jasho, halafu unakaa, na jasho hilohilo linageuka baridi. Lakini nyembamba zenye buti la maana, kwa bajeti yako, utapata za mishono ya kubahatisha. Neoprini ya milimita 5 kwa pesa hiyo utapata imara, matete hayaichani ovyo, na inatia joto yenyewe. Kwa hali uliyoeleza, oktoba na novemba, na mashua hadi karibu na maficho, chukua neoprini. Ubaya wake ni uzito na kuchelewa kukauka.

Dukani usione aibu. Vaa koti lako, chuchumaa mpaka chini, kisha panda mguu mmoja juu ya kiti. Ikikukaba kati ya mapaja, rudisha. Yangu ya kwanza ilianzia kuvuja hapohapo, kwa sababu kila nilipopanda mashua nilikuwa nauvuta mshono uleule.

Mkanda wa kiunoni ufunge kila siku, hata maji yakiwa ya magotini. Utasikia watu wanasema weda zikijaa maji zinakuvuta hadi chini. Si hivyo. Ndoo ikiwa bado imezama kisimani mkono hausikii uzito. Uzito unausikia inapotoka juu ya maji. Weda nazo ni hivyo: utaelea, shida itaanza unapotaka kupanda ukingoni na miguu imebeba ndoo mbili, tena mwili umeshashikwa na ubaridi. Mkanda unapunguza maji yanayoingia. Mimi niliwahi kutumbukia kwenye shimo la panya wa majini, maji yakanifika shingoni. Kilicholowa sana ni kifua, mapajani yakapenya kidogo tu. Nilitoka kwa kutambaa kwa tumbo juu ya matete, bata wangu wa plastiki, wale wa kuvutia bata wa kweli, wakinitazama.

Ukirudi nyumbani, zitundike miguu juu, mbali na hita. Kutafuta tundu kwenye zile nyembamba, ingiza tochi ndani usiku, mwanga utakuonyesha. Na kabla ya kuondoka bwawani bandua tope na majani yote; jimbo ni kali kuhusu kusafirisha mimea ya majini na wale kome wadogo wenye milia.

Usimalize dola zote kwenye weda. Stempu ya bata ya serikali kuu, yaani kibali cha kuwinda bata, ni dola 25, bado ya jimbo na leseni yenyewe, na marisau ya madini ya risasi (ledi) hayaruhusiwi kwa bata nchi nzima tangu 1991, utanunua ya chuma.

Kama unavaa 10, nicheki inboksi. Zile zangu za 11 bado zipo gereji, nakupa bure. Zina kiraka hapo katikati, nakwambia mapema.