Kusajiliwa ni jambo moja, kupelekwa vitani ni jingine

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii, kwamba je, vijana wasiofika miaka 20 ni wadogo mno kupelekwa vitani, limewachanganya watu wa aina tatu. Yupo mtoto wa miaka 13 aliyechukuliwa na waasi kijijini kwao Ituri, mashariki mwa Kongo. Yupo wa miaka 16 aliyejiunga na jeshi la Uingereza kwa idhini ya wazazi, jambo ambalo sheria ya huko inaruhusu mpaka leo. Na yupo kuruta wa miaka 19 aliyemaliza mafunzo juzi. Wote hao ni vijana, ila huwezi kuwajibu kwa neno moja. Jibu langu ni hili: chini ya miaka 18, hapana, hata kwa kazi ya kubeba maji. Wa miaka 18 na 19 asajiliwe, afunzwe, alipwe mshahara kamili, lakini asifike mstari wa mbele kabla ya kukaa mwaka mzima katika kikosi kilekile atakachopigana nacho.

Kwanza niondoe hoja moja ambayo wanaopinga kupeleka watoto vitani huitumia vibaya, kwamba watoto hawawezi kupigana. Wanaweza sana. Bunduki ya AKM, ya jamii ya Kalashnikov, ikiwa tupu ina uzito wa kilo 3.1 hivi. Ukiipachika magazini ya chuma yenye risasi 30, haizidi kilo 4, na mtoto wa miaka 11 anaibeba kutwa nzima. Kuifungua, kuisafisha na kuifunga tena ni somo la siku mbili tatu. Kadogo, yaani askari watoto, waliokusanywa Kivu na AFDL, jeshi la waasi la Laurent Kabila, kuanzia Oktoba 1996 walikuwa Kinshasa Mei 1997, baada ya kuvuka nchi nzima, sehemu kubwa kwa miguu. Na mwaka 1944 huko Normandy, Ufaransa, divisheni ya 12 ya SS, jeshi la chama cha Nazi, iliyojazwa vijana wa Kijerumani waliozaliwa zaidi mwaka 1926, iliwazuia Waingereza na Wakanada mbele ya mji wa Caen kwa wiki kadhaa. Walikuwa wadogo kiasi kwamba mgao wao ulikuwa na peremende badala ya sigara. Divisheni hiyohiyo iliwaua wafungwa wa Kikanada zaidi ya 100 waliokwisha kusalimu amri.

Makamanda wanajua vizuri kwa nini wanawapenda vijana hawa. Wanakula kidogo, hawadai mshahara, hawana mke wala shamba la kurudia, na hawaulizi amri imetoka kwa nani. Kwa hiyo ukisimama mbele ya kamanda ukamwambia kijana hafai kijeshi, atakucheka. Tatizo ni kwamba anafaa kwa kila alichoamriwa, kizuri na kibaya, na kile kinachomwezesha mtu kusema "hapa nasubiri" bado hakijakomaa ndani yake.

Wataalamu wa ubongo wameeleza jambo hili kwa makini kuliko linavyosemwa mitaani. Kijana wa miaka 16 akikaa peke yake, ametulia na ana muda, huamua karibu sawa na mtu mzima. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayozuia pupa na kupima matokeo, huendelea kukomaa mpaka kwenye miaka ya ishirini na kitu, na upungufu wake huonekana pale penye hofu, haraka na macho ya wenzake. Sasa tazama kizuizi cha barabarani usiku. Gari linakuja kwa kilomita 40 kwa saa, yaani mita 11 kila sekunde. Mlinzi akiliona likiwa mita 100, ana sekunde tisa. Ndani ya hizo ammulike kwa tochi, ampungie, apaze sauti, apige risasi hewani, kisha aamue kama anapiga tairi, anampiga dereva au anaruka mtaroni. Dereva huyo huenda ni mlevi, au breki zimemshinda, au ana mgonjwa nyuma. Nyuma ya mlinzi wapo wenzake wanne, na mmoja anapiga kelele "mpige!" Hapo ndipo tofauti ya miaka 17 na 23 inapohesabiwa kwa maiti.

Halafu kuna usingizi, jambo ambalo wanasiasa hawalitaji kabisa. Kijana wa umri huu anahitaji saa 8 mpaka 10 kwa usiku mmoja, na saa ya mwili wake imesogea mbele: hulala kwa shida mapema na huamka kwa shida alfajiri. Vitani hulali zaidi ya saa nne, tena kwa vipande, na adui anayejua kazi yake hushambulia kunapopambazuka. Ukimpanga kijana lindo la kuanzia saa kumi alfajiri, umempanga katika saa anayoiweza kidogo kuliko zote. Atasinzia, na adhabu kali haimponyi.

Mwili nao una hesabu yake. Wamarekani walipima mizigo ya askari wao wa miguu Afghanistan mwaka 2003 wakakuta wastani wa kama kilo 29 za kupigania tu, na kama kilo 46 kwa mwendo mrefu. Kanuni ya zamani ya majeshi ni kwamba mzigo wa mwendo usizidi theluthi moja ya uzito wa mtu. Kijana wa kilo 54 basi abebe 18. Lakini fulana ya kuzuia risasi yenye bamba mbele na nyuma peke yake inaweza kufika kilo 10, maji lita tatu ni kilo tatu, magazini nne zilizojaa ni kilo tatu na kidogo, na bunduki yenyewe nne. Tumeshafika 20 kabla ya chakula, redio na kofia ya chuma. Mifupa mirefu ya wavulana wengi haijamaliza kufunga sehemu zake za kukua mpaka karibu na miaka 18, wengine zaidi. Matokeo huonekana kwenye mafunzo kabla hata vita haijafika: nyufa za mfupa wa muundi na za nyonga, ambazo huanza kama maumivu madogo. Kuruta huyaficha asionekane mzembe, kisha mfupa unakatika kwenye mbio za wiki ya sita. Sababu karibu kila mara ni ileile: kilomita na kilo vimeongezwa kwa pamoja na kwa haraka, ilhali mfupa huhitaji wiki kadhaa kujijenga upya. Mkufunzi mzuri huongeza kimoja huku kingine kikibaki palepale.

Sheria sitaizungumza sana, maana karibu kila nchi imeshasaini. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ulioanza kutumika mwaka 1999, unasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18 na asishiriki vitani. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 inakataza kumsajili kwa lazima aliye chini ya 18, ila inaruhusu majeshi ya serikali kupokea wa kujitolea walio chini ya hapo kwa masharti: idhini ya wazazi, maelezo kamili ya kazi na uthibitisho wa umri. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), iliyoko The Hague, inahesabu kosa la kivita pale tu mtoto anapokuwa chini ya 15. Kwa hiyo kamanda anayewatumia wa miaka 15 mpaka 17 hawezi kufikishwa The Hague kwa kosa hilo peke yake. Pengo hilo ni aibu. Kongo angalau imeliziba ndani ya nchi yake: sheria yake ya mwaka 2009 ya ulinzi wa mtoto inamfunga miaka 10 mpaka 20 anayemsajili mtu yeyote aliye chini ya 18.

Linalonisumbua zaidi ni namna kanuni ya umri inavyovunjika hata pale ilipoandikwa vizuri. Uingereza ilikuwa na kanuni ninayoipendekeza mimi, tena tangu mwaka 1914: miaka 18 kujiunga, 19 kupelekwa ng'ambo. Ilivunjika mlangoni, kwa kuwa mwandikishaji alilipwa kwa kila mtu aliyemwandika na hakulazimika kuona cheti cha kuzaliwa. Kijana akisema ana 19, basi ana 19. Ikavunjika tena kule juu, mwaka 1918. Wajerumani waliposhambulia kwa nguvu mwezi Machi na watu wakapungua, serikali yenyewe iliteremsha umri wa kupelekwa mpaka 18 na nusu. Upungufu wa watu ndio adui mkubwa wa kanuni hizi, na sheria nzuri ni ile iliyofikiria siku hiyo kabla haijafika.

Karibu na zama zetu, bunge la Uingereza liliambiwa mwaka 2007 kwamba askari 15 wa miaka 17 walipelekwa Iraq kati ya 2003 na 2005, wakati nchi ilishaahidi kutofanya hivyo. Hakuna aliyekusudia. Wengi walibakiza siku chache kutimiza 18 au waliondolewa huko ndani ya wiki moja, na sababu iliyotolewa ni shinikizo la maandalizi ya safari. Marekani nayo ilimpoteza Dan Bullock huko Vietnam tarehe 7 Juni 1969 akiwa na miaka 15. Alikuwa amebadilisha tarehe kwenye cheti chake cha kuzaliwa, na hakuna aliyeshtuka.

Kwetu njia za kudanganya zinajulikana: cheti kilichotolewa ukubwani, kiapo cha mzazi, jina la kaka aliyefariki. Kenya ina kinga rahisi, kwa kuwa usajili wa jeshi unadai kitambulisho cha taifa, nacho hakitolewi kabla ya miaka 18. Kongo mashariki, ambako wengi hawajawahi kuandikishwa popote, kinga hiyo haipo. Watu hukimbilia picha ya eksirei ya kiganja, wakadirie umri kwa ukomavu wa mifupa. Iangalieni kwa tahadhari. Atilasi inayotumika sana, yaani kitabu cha picha za kulinganishia, ilitengenezwa kwa picha za watoto wa Cleveland, Marekani, wa familia zenye uwezo, zilizopigwa miaka ya 1930 na kitu. Inaweza kukosea miaka miwili huku au kule, na mtoto aliyekua kwa njaa mifupa yake huchelewa. Katika kesi ya ICC dhidi ya Thomas Lubanga, kiongozi wa waasi wa Ituri aliyehukumiwa kwa kutumia askari watoto mwaka 2012 kifungo cha miaka 14, majaji walizitazama picha hizo kwa uangalifu na wakaegemea zaidi video, ikiwemo ile ya kambi ya Rwampara ya Februari 2003, ambamo wapo waliokuwa watoto wazi kwa macho ya mtu yeyote.

Njia bora ni mahojiano ya utulivu, mbali na kamanda. Usiulize "una miaka mingapi", maana hilo limeshafundishwa. Uliza alikuwa darasa la ngapi shule ilipofungwa, nani wamemfuata kuzaliwa na wanasoma wapi, alikuwa anaweza kuchunga ng'ombe peke yake au bado wakati wa vita fulani inayojulikana tarehe yake. Majibu matatu yakikubaliana, umepata mwaka. Yasipokubaliana, mhesabu kuwa mtoto.

Njia ya tatu ya kuvunja kanuni ni kubadilisha kazi. Kijana anasajiliwa kuwa mpishi, mpagazi, mlinzi wa nyumba ya kamanda. Kikosi kikivamiwa, mpishi anashika bunduki. Katika hukumu ya Lubanga mahakama ilitazama kama kazi ya mtoto ilimfanya awe shabaha ya adui, jina la kazi likawa si kitu, na walinzi wa makamanda wakahesabiwa kuwa wameshiriki vitani. Ndiyo maana nilisema hata kubeba maji hapana.

Kwa wale wa 18 na 19, mwaka ninaoudai si wa kukaa kambini kupiga kwata. Ukuruta wa miezi mitatu unamfundisha mtu kutii na kulenga shabaha tu. Baadaye ndipo anajifunza seksheni yake, lile kundi dogo atakalopigana nalo: nani huogopa kimya kimya, nani hupayuka, koplo akinyoosha mkono giza likiwa limeingia anamaanisha nini. Wamarekani Vietnam walifanya kinyume. Walipeleka askari mmoja mmoja kuziba nafasi, kila mtu na miezi yake 12, na vifo vilikuwa vingi zaidi katika miezi ya mwanzo ya mgeni kuliko ya mwisho. Katika seksheni ya watu wanane, wapya wasizidi wawili. Koplo awe amevuka 23. Lindo la alfajiri apewe mtu mzima, na kwenye kizuizi cha barabarani kijana asiwe mwenye amri ya kufyatua.

Atakayesema nchi iliyovamiwa haina anasa hiyo aiangalie Ukraine. Katikati ya vita kubwa, umri wa kuitwa kwa lazima ulikuwa 27, ukateremshwa kuwa 25 Aprili 2024, na kwa wa 18 mpaka 24 mwaka 2025 serikali ilifungua mkataba wa hiari wenye malipo ya hryvnia milioni moja, fedha ya huko. Walihesabu kwamba kizazi kilichozaliwa baada ya 1991 ni kidogo na nchi itakihitaji vita ikiisha. Fedha hizo kwa kijana asiye na kazi ni kishawishi kizito, sikatai, na kuna wanaouita mkataba huo mtego.

Kwa utekelezaji, orodha ya kikosi kinachoondoka iwe na safu ya tarehe ya kuzaliwa na safu ya tarehe ya kuingia kikosini. Isomwe siku 30 kabla ya safari, isomwe tena siku mbili kabla, na kamanda wa kombania aisaini kwa jina lake. Kijana akigunduliwa tayari ameshafika huko, asihamishiwe jikoni kusubiri siku yake ya kuzaliwa. Lori lililoleta mkate na risasi hurudi nyuma tupu siku hiyohiyo. Arudi nalo, akiwa ameacha silaha kwa sajenti na kuandikiwa risiti.

Msomaji wenu