Maswali ya Wasomaji: Kombora Lilijuaje Wakati wa Kupasuka?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari hapa Mikindani, Mtwara. Walimu walitupeleka Kilwa Kisiwani kutazama ngome ya kale iitwayo Gereza, na tulipokuwa tukizungumza juu ya meli za Wareno zilizofika pale mwaka 1505, mwenzangu alishikilia kwamba tufe la mzinga likianguka lililipuka na kuua watu wa pande zote, kama tunavyoona kwenye filamu. Mimi nilisema lilikuwa bonge la chuma tu. Naomba utuamue. Na kama mimi ndiye niliye sahihi, utueleze makombora ya kupasuka yalianza lini, na yalijuaje wakati wa kupasuka.
Msomaji, Mikindani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwa zama hizo za Wareno, wewe ndiye uliye sahihi. Mizinga ya meli za mwanzoni mwa karne ya 16 ilirusha matufe ya mawe yaliyochongwa au ya chuma, na tufe lilikuwa bonge gumu lisilo na baruti ndani. Lilidhuru kwa uzito na kasi yake: lilibomoa ukuta, lilivunja mlingoti, na likipiga ardhi ngumu liliweza kudunda na kuendelea kukata miguu ya watu waliosimama mbali na pale lilipoangukia kwanza.

Hata hivyo mwenzako hakukosea kabisa, kwani wazo la kutia baruti ndani ya chombo kigumu ni la zamani kuliko safari za Wareno. Mwaka 1232, Wamongolia walipouzingira mji wa Kaifeng nchini China, walinzi wa mji waliwarushia mabomu ya chuma yaliyojazwa baruti. Na karibu na kisiwa cha Takashima, Japani, wapiga mbizi wameopoa mabomu ya udongo wa kufinyangwa yaliyozama pamoja na meli za Kublai Khan, mtawala wa Wamongolia. Kwa hiyo kutengeneza chombo cha kupasuka hakukuwa kazi ngumu kupita kiasi. Kazi iliyowasumbua mafundi kwa karne kadhaa ilikuwa kukifanya chombo hicho kitoke salama ndani ya mtutu wa mzinga, kisha kipasuke mahali panapotakiwa na wakati unaotakiwa. Nakusihi ulishike hilo, maana karibu kila badiliko la umbo la kombora lilitokana nalo.

Kombora la Ulaya la karne ya 16 na 17 lilikuwa tufe la chuma lenye uwazi ndani na tundu moja juu. Baruti ilimiminwa kupitia tundu hilo, kisha kikapigiliwa ndani yake kijiti cha mbao chenye umbo la pia, ambacho ndicho kilichokuwa utambi. Ningependa ukitazame kijiti hicho kwa karibu, kwa sababu ndicho kilichokuwa akili yote ya kombora. Kilitobolewa katikati toka juu hadi karibu na chini, na ule mwanya ukashindiliwa kidogo kidogo mchanganyiko wa baruti laini unaoungua polepole na kwa mwendo usiobadilika, kama dawa ya mbu ya kuzunguka inavyoungua usiku kucha. Nje ya kijiti zilichorwa alama. Mpiga mzinga alikadiria kombora litakaa hewani kwa muda gani, akakikata kijiti kwa msumeno kwenye alama inayolingana na muda huo, kisha akakigongomea kwa nyundo ya mbao. Moto ukifika mwisho wa kijiti, unaikuta baruti iliyomo ndani ya tufe.

Fikiri sasa jinsi hesabu hiyo ilivyokuwa nyembamba. Kombora linalokwenda mita 300 kwa sekunde, utambi wake ukichelewa nusu sekunde tu, hupasuka mita 150 mbele ya mahali palipokusudiwa. Baruti ikiwa na unyevu, au ikiwa haikushindiliwa sawasawa, hesabu yote huharibika.

Na huo utambi uliwashwa vipi? Hapo mwanzo mtu mmoja aliuwasha kwa mkono lilipokuwa tayari limo mtutuni, na papo hapo mwenzake akauwasha mzinga wenyewe. Mzinga ukikataa kuwaka, watu wale wawili walikuwa wamesimama kando ya kombora linaloungua, na hawakuwa na namna ya kulitoa. Baadaye ilifahamika kwamba hatari hiyo haikuwa ya lazima. Tufe lilikuwa dogo kidogo kuliko upana wa mtutu, ili liweze kuingia kwa urahisi kupitia mdomoni, na kupitia mwanya huo mwembamba ndimi za moto wa baruti ya kurushia zililizunguka tufe na kuuwasha utambi zenyewe. Ikabaki kuhakikisha kwamba utambi unaelekea mdomo wa mtutu, na si chini kwenye baruti, ambako ungeweza kusukumwa ndani kwa nguvu ya mlipuko na kulipasua kombora papo hapo. Mafundi walilifungia tufe kitako cha mbao kwa nyuma, nacho kikalizuia lisijigeuze.

Kwa muda mrefu makombora hayo yalirushwa karibu yote kwa vizinga vifupi vinene, vilivyoelekezwa juu, ambavyo vilitumia baruti chache na kulitupa kombora juu ya kuta za ngome. Mzinga mrefu wa kulenga moja kwa moja ulihitaji baruti nyingi, na tufe lenye uwazi ndani lilihofiwa kwamba lisingestahimili msukumo huo. Hofu hiyo ilianza kupungua wakati Gibraltar, ngome ya Waingereza kusini mwa Hispania, ilipozingirwa, kati ya mwaka 1779 na 1783. Ofisa mmoja wa Uingereza, Kapteni Mercier, alishauri makombora madogo ya vizinga vifupi yarushwe kwa mizinga mirefu, na utambi wake ukatwe mfupi ili yapasuke juu ya vichwa vya maadui waliokuwa wakichimba mahandaki. Ushauri ukafanya kazi.

Mwaka 1784 ofisa mwingine wa mizinga wa Uingereza, Henry Shrapnel, alianza kwa fedha zake mwenyewe majaribio ya kombora lililojazwa risasi za bunduki pamoja na baruti kidogo. Ubunifu wake uko kwenye neno hilo, kidogo. Hakutaka baruti izitawanye risasi kila upande. Alitaka ilifungue ganda tu, ili risasi ziendelee mbele kwa kasi ileile ya kombora na kushuka juu ya askari waliosimama mbali. Jeshi la Uingereza lililikubali kombora hilo mwaka 1803, na mwaka uliofuata likatumika dhidi ya Waholanzi huko Surinam, Amerika ya Kusini. Tatizo lake lilikuwa msuguano: mzinga ukipigwa, risasi zilisagana na baruti iliyochanganyika nazo, na mara nyingine kombora likapasuka kabla ya kufika. Katikati ya karne ya 19 Edward Boxer alilitatua kwa kuweka bamba la chuma lililoitenga baruti na risasi. Dawa nyepesi kama hiyo ilichukua takriban miaka 50 kupatikana, jambo ambalo kwangu linaonyesha jinsi mafundi walivyokuwa wakifanya kazi kwa kupapasa.

Baharini, Mfaransa Henri-Joseph Paixhans alibuni katika miaka ya 1820 mzinga wa kurusha makombora mazito kwa kulenga moja kwa moja. Tufe la kawaida lilitoboa ubavu wa meli tundu ambalo seremala aliweza kuliziba. Kombora lilikwama katika mbao, kisha likapasuka na kuwasha moto. Tarehe 30 Novemba 1853, katika bandari ya Sinope kwenye Bahari Nyeusi, meli za Urusi chini ya Nakhimov ziliteketeza kikosi cha Waturuki kwa makombora ya namna hiyo, na ni meli moja tu ya Waturuki, Taif, iliyookoka. Ndani ya miaka michache Ufaransa ikaunda Gloire na Uingereza ikaunda Warrior, meli zilizovikwa chuma.

Sasa nije kwenye badiliko ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote. Tufe likiwa hewani hujiviringisha ovyo, na hakuna ajuaye upande gani utagonga kwanza. Kwa hiyo lilikuwa vigumu kulitengenezea kiwashio cha kulipuka kwa kugonga. Katika miaka ya 1850 William Armstrong wa Uingereza na mafundi wa Ufaransa walileta mizinga yenye mifereji ya mzunguko ndani ya mtutu. Kombora likawa refu, lenye kichwa kilichochongoka, nalo likatoka huku likizunguka na kuelekeza kichwa mbele hadi mwisho wa safari. Kwa kuwa sasa ilijulikana ni sehemu gani itagonga, kichwani paliwekwa kiwashio chenye fataki, yaani kemikali kidogo inayolipuka ikigongwa. Kemikali ya fataki ilikuwapo: Edward Howard alikuwa ameieleza zebaki ya kulipuka tangu mwaka 1800. Ila jambo moja likazua jingine. Kombora la Armstrong lilivikwa metali laini ya risasi na kuujaza mtutu barabara, hivyo ule mwanya uliopitisha moto wa kuwasha utambi wa kupima muda ukazibika. Ikabidi kubuniwe kiwashio kinachowashwa na mshtuko wenyewe wa kupigwa: kombora linaporuka mbele ghafla, kipande kizito cha ndani hubaki nyuma, kikakutana na sindano na fataki, na hapo ndipo utambi unapoanza kuungua.

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni mkulima karibu na Nyangao, mkoani Lindi, jirani na Mahiwa ambako Waingereza na Wajerumani walipigana. Tukilima tunapata vipande vya chuma. Msimu uliopita mdogo wangu alifukua kimoja kizima, kirefu, chenye mkanda wa shaba nyekundu karibu na kitako na kichwa cha shaba ya njano. Mnunuzi wa vyuma chakavu anataka kukinunua kwa ajili ya shaba. Je, mkanda huo ni wa nini, na kitu cha zamani hivyo bado kina hatari?
Mkulima, Nyangao

JIBU: Ndugu yangu, nakuomba kabla ya kusoma mengine umwambie mdogo wako asikiguse, asikihamishe wala asikiuze. Mapigano ya Mahiwa yalikuwa tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, na kwa maelezo yako hicho ni kombora ambalo halikupasuka.

Mkanda wa shaba ulichukua nafasi ya lile vazi la risasi nililolieleza hapo juu. Ni laini kuliko chuma cha pua, hivyo mzinga ukipigwa hujikata katika mifereji ya mtutu, hulizungusha kombora na kuzuia moshi wa baruti usivuje pembeni. Ukiona mkanda wenye mikwaruzo ya mshazari iliyolingana, jua kwamba kombora lilikwisha kurushwa, na kwa hiyo kiwashio chake huenda kiliamshwa na mshtuko, kisha kikakwama kabla ya kumaliza kazi. Kombora la namna hiyo ni la kuogopwa kuliko lililoachwa ghalani.

Umri haulipozi. Tangu miaka ya 1880 makombora mengi yaliacha baruti nyeusi na kujazwa vilipuzi vikali zaidi. Wafaransa walitumia melinaiti, Waingereza lidaiti, zote mbili zikiwa asidi ya pikriki. Wajerumani mwaka 1902 walianza kutumia TNT, ambayo huyeyuka kwenye joto la nyuzi 80 hivi, ikamiminwa ndani ya ganda bila kulipuka. TNT hukaa ardhini miaka mingi ikiwa na nguvu zake. Asidi ya pikriki ni mbaya zaidi, kwa sababu ikigusana na baadhi ya metali hutengeneza chumvi zinazoweza kulipuka kwa kusuguliwa au kugongwa kidogo. Anayegonga mkanda kwa patasi ili aubandue anaugonga ukuta wa chombo hicho, na anayefungua kichwa anafungua mahali penye sindano na fataki.

Wekeni alama mahali kilipo kwa vijiti na kamba, wazuieni watoto na mifugo, msichome majani ya shamba karibu nacho, kisha mtoe taarifa kwa mtendaji wa kijiji na kituo cha polisi ili waitwe wataalamu. Mweleze mdogo wako pia kwamba vipande vilivyokwisha kupasuka navyo visikusanywe nyumbani mpaka wataalamu hao wavitazame, kwa kuwa kipande chenye tundu la kiwashio kinaweza kuwa na fataki ambayo haijawaka.