Wadogo zangu wa kaizen, acheni kupiga picha ubao wa watu

Juzi kijana wetu mpya kanijia na simu, ana picha mia na kitu za kiwanda alichotembelea, ubao wa KPI (vile vipimo vya utendaji), mistari ya njano sakafuni, mpaka rangi za ndoo za taka kapiga, ananiambia kaka tukiweka hivi na sisi tutakuwa kama wao. Nikacheka, afu nikanyamaza, maana nilikuwa najiona mimi. Na huyo ni wa tatu mwaka huu. Sasa badala ya kugombana na mmoja mmoja naandika mara moja, msome wote.

1. Jueni hivi vitu vimetoka wapi.

Mnaongea kaizen, yaani kuboresha kazi kidogo kidogo bila kuacha, na kanban, yaani kadi za kuitisha mzigo unapohitajika tu, kama vile vilidondoka Japani na mvua. Sehemu kubwa ya mbegu ilitoka Marekani, tena kwenye shida za vita. Kuanzia 1940 viwanda vyao vinatanuka haraka, mafundi wazoefu hawatoshi, baadaye wengine wanaenda jeshini, wanaingia akina mama na watu ambao hawajawahi kugusa mashine. Serikali ikaleta TWI (Training Within Industry), mafunzo ya supavaiza ya saa kumi tu, hatua 4 kwenye kadi ya mfukoni: muandae mtu, muonyeshe kazi, mwache ajaribu mbele yako, mfuatilie. Hatua zenyewe zilikuwa na babu yao, Charles Allen, aliyekuwa anafundisha wajenzi wa meli wakati wa vita ya kwanza. Na walikuwa na msemo mkali, kama mfanyakazi hajajifunza basi mwalimu hajafundisha. 1945 vita ikaisha, serikali ikaufunga mradi, Marekani wenyewe wakasahau taratibu. Japani iko chini ya jeshi la Marekani, viwanda hoi, zile kadi zikavuka bahari na kule hawakuziachia.

Halafu sababu zenyewe wala hazikuwa za kifalsafa. Jeshi la Jenerali MacArthur, Mmarekani aliyekuwa anaisimamia Japani, lilitaka wananchi wasikilize redio, redio zinazotoka viwandani mbovu, ikabidi injinia Homer Sarasohn aache kuhangaika na mitambo peke yake aanze kuwafundisha mameneja, 1949 wakawakalisha darasani kabisa. Mwaka uliofuata Deming, Mmarekani mtaalamu wa takwimu, akaja kwa mwaliko wa JUSE, chama cha wanasayansi na wahandisi, akapiga siku 8 za takwimu na chati za udhibiti, hela ya mauzo ya mihadhara yake akawaachia, ndo ikazaa Tuzo ya Deming 1951. Kwao Marekani wengi walikuja kumsikia 1980 kwenye kipindi cha televisheni, mzee ana miaka 79!

2. Kubeba na kunakili ni vitu viwili.

1950 Eiji Toyoda, mmoja wa viongozi wa Toyota, kaenda kiwanda cha Ford cha River Rouge, Michigan. Toyota ndo wametoka kwenye mgomo mbaya, hela hawana, hata angetaka kunakili yale madude angenakili na nini? Kati ya alivyorudi navyo ni utaratibu wa kukusanya mapendekezo ya wafanyakazi, 1951 wakaanzisha wa kwao. Ohno, mwenzake wa Toyota, naye alishasikia habari za supamaketi za Marekani, 1956 akaenda kujionea: mteja anachukua anachohitaji, rafu inajazwa kwa kile kilichoondoka. Yaani mtu kaenda nchi ya magari akavutiwa na rafu za vyakula. Mngekuwa nyie mngerudi na picha ya sare za wauzaji.

3. Kamba yangu.

Hii sipendi kuisimulia. Nilipokuwa na miaka miwili kazini nilipelekwa ziara kiwanda cha wenzetu, nikarudi na picha mia tatu na kichwa kimevimba. Ndani ya mwezi nimepaka mistari, nimetundika ubao, na laini ya pili nikafunga kamba ya andoni, ile ya opereta kuita msaada akiona tatizo, kengele na taa juu, nikawakusanya opereta dakika kumi: ukiona tatizo vuta. Basi. Supavaiza sikuwafundisha chochote, nilidhani ni kitu cha kujieleza.

Siku ya tatu mama mmoja wa shifti ya usiku akavuta kwa sababu vifuniko havikazi vizuri. Laini ikasimama. Supavaiza akaja anakimbia, mimi nipo palepale na ubao wangu wa kuandikia, akapiga kelele "nani kasimamisha laini?" Yule mama akainua mkono. Akaambiwa atatueleza yeye target ya leo itafikaje. Nami nikatazama karatasi zangu, sikusema neno.

Kamba haikuvutwa tena. Na mimi, wadogo zangu, nikachora grafu. Nikaenda kikao cha mwezi nikaonyesha mstari umelala kwenye sifuri, nikawaambia mabosi mnaona, matatizo yameisha, nikapigiwa makofi. Miezi miwili baadaye mteja akarudisha mzigo mzima, vifuniko vinavuja. Vilevile vifuniko! Nikapewa niandike ripoti ya chanzo, na kwenye chanzo nikaandika uzembe wa opereta. Nilijua siyo. Yule mama akapata barua ya onyo, saini yangu ipo chini.

Alinikuta getini wiki ile, hakunifokea. Akasema, "Mwanangu, ile kamba si ulituwekea pambo?" Baada ya muda akaacha kazi. Nilikuja kwenda kwa HR kuomba barua ifutwe, ikafutwa, ila yeye alishaondoka na mpaka leo simpati.

Baadaye nikasoma habari za Fremont, California, General Motors (GM) na Toyota walipofungua kiwanda pamoja 1984. Wafanyakazi wengi walikuwa walewale wa kiwanda cha GM kilichofungwa pale 1982, walikuwa na sifa mbaya kweli. Wakapewa kamba. Tofauti ni kwamba ukivuta, kiongozi wa timu anakuja kukusaidia, na laini haisimami papo hapo, anapewa nafasi ya kulimaliza tatizo kwanza. Kamba ilikuwa na mtu upande wa pili. Yangu ilikuwa na kengele.

4. Kwa bosi anayetaka kununua mashine mpya kwanza.

Mwambieni ya Italia. Miaka ya 1950, kwenye misaada ya Marekani baada ya vita, kuna kampuni zilipeleka mameneja wake Marekani kujifunza kwa wiki kadhaa viwandani, na kuna nyingine ziliishia kupata mashine tu. Watafiti walikuja kuzifuatilia: za mashine zilipanda kidogo afu faida ikayeyuka, za mameneja ziliendelea kupanda zaidi ya miaka kumi. Bosi wangu nilipomwambia hivi aliuliza kama ziara yenyewe itakuwa na posho. Sawa, ni mwanzo.

5. Vidogo vidogo.

Andika SOP, yaani maelezo ya namna kazi inavyofanywa, ukiwa umesimama laini, siyo ofisini. Ukiona sifuri kwenye chati ya matatizo ogopa. 5S (ule utaratibu wa kupanga na kusafisha sehemu ya kazi) ya siku ya oditi siyo 5S, ni usafi wa wageni. Supavaiza mfundishe kabla ya opereta, tena mmoja mmoja, na umuonyeshe kwa kazi yake halisi, slaidi zako hazioni mtu. Ripoti ya chanzo ikiishia kwenye jina la mtu, chana uanze upya, nasema hivi nikiwa na barua moja shingoni.

Jumatatu wote mko na mimi laini ya pili mwanzo wa shifti, tunaanza na zile hatua 4, kila mmoja atamfundisha mwenzake kukaza kifuniko. Simu mnaziacha ofisini.