Cheni ya taimingi: je, naweza kuibadilisha mwenyewe?

SWALI: Gari langu ni minivani yenye injini ya silinda nne iliyolazwa kwa upana. Kwa wiki kadhaa sasa, kila ninapoiwasha asubuhi, injini hutoa mlio wa kukwaruza kwa sekunde tatu hivi, kisha hutulia. Taa ya injini imewaka na kifaa cha kusomea hitilafu kimenionyesha namba P0016. Fundi ameniambia kuwa cheni ya taimingi imelika pamoja na plastiki zinazoiongoza. Nimewahi kubadilisha breki na pampu ya maji kwa mikono yangu. Je, nijaribu na hili, na ni wapi watu hukosea?

JIBU: Ndugu msomaji, aliyebadilisha pampu ya maji bila kuacha mvujo anaweza kuifanya kazi hii, mradi aitengee siku mbili au tatu ambazo hatalihitaji gari, awe na kitabu cha ufundi cha injini hiyohiyo, na awe na tochi renchi, yaani spana inayopima nguvu ya kukaza boliti. Asiye na hivyo viwili vya mwisho asiguse boliti hata moja.

Kabla ya kununua chochote, thibitisha ugonjwa. Namba P0016 husema tu kwamba krankishafti (shafti inayozungushwa na pistoni) na kemshafti (shafti inayofungua valvu), ambazo cheni ya taimingi huziunganisha ili ziende pamoja, hazisomani inavyopaswa. Haisemi kosa ni la nani. Sensa mbovu au valvu ya oili iliyoziba katika mfumo wa kubadili taimingi huweza kuleta namba hiyohiyo. Chomoa kwanza kijiti cha kupimia oili, kwa maana tenshena nyingi, yaani vifaa vinavyoikaza cheni, husukumwa na presha ya oili, na oili ikipungua sana hata cheni mpya italia. Hata hivyo, namba hiyo ikiandamana na mlio wa asubuhi, yaani cheni inapochapa plastiki au kasha lake kabla presha haijaifikia tenshena, mimi pia ningemshuku mtuhumiwa wa fundi wako.

Cheni haivutiki kama mpira, ingawa ndivyo wengi tunavyosema. Pini za viungo vyake na matundu yake hulika kidogo kidogo, na nafasi hizo ndogo zikijumlishwa cheni nzima huwa ndefu. Plastiki nazo hukakamaa kwa joto la miaka mingi, kisha humeguka. Vipande hivyo haviendi popote ila kwenye sampo, yaani bakuli la oili chini ya injini, ambako huvutwa hadi kwenye chujio la pampu ya oili na kuliziba, na injini yenye cheni mpya ikafa kwa kukosa oili. Kwa hiyo nasisitiza ushushe sampo hata kama kitabu chako hakilazimishi. Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote. Ila ukiishusha, jeki chini yake haitakufaa kushikilia injini baada ya kuondoa mauntini (kishikizo cha injini) ya upande wa cheni: injini itabidi ining'inizwe kutoka juu kwa boriti ya kazi hiyo, na gari lenyewe likae juu ya stendi imara.

Ondoa waya hasi wa betri, mwaga oili, na maji pia kama pampu yake iko njiani. Boliti ya puli ya krankishafti hukazwa kwa nguvu nyingi sana. Tumia kifaa cha kushikilia puli, wala usikubali ushauri wa kuegemeza spana kwenye chesesi na kupiga stata. Katika baadhi ya injini, gia ya krankishafti haina ufunguo, yaani kipande cha chuma cha kuishika kwenye shafti, na hubanwa na boliti hiyo pekee, hivyo ukiilegeza bila vifaa vya kufungia shafti umepoteza taimingi palepale.

Sasa alama. Kemshafti huzunguka mara moja kila krankishafti inapozunguka mara mbili, kwa hiyo alama ya krankishafti inaweza kukaa sawa huku silinda ya kwanza ikiwa katika kutoa moshi. Tazama kemshafti pia ndipo uamini. Viungo vya rangi vya cheni mpya vilingane na alama za gia, na upande usio na tenshena uwe umenyooka kabla hujachomoa pini inayoizuia tenshena isisukume. Kisha zungusha krankishafti kwa spana, polepole, mizunguko miwili kamili, kwa mwelekeo wa kawaida wa injini. Ikigoma, simama: katika injini nyingi za sasa valvu na pistoni hutumia nafasi ileile kwa zamu, na nguvu ya mkono yatosha kupinda valvu. Baada ya mizunguko hiyo viungo vya rangi havitalingana tena, nalo si kosa. Kinachotakiwa kurudi mahali pake ni alama za gia.

Badilisha pia tenshena, plastiki zote na sili ya krankishafti. Kwangrua silikoni ya zamani yote, paka mpya kwa wembamba, na uiache ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Ukishatia oili, chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta na upige stata mara chache fupi ili presha ipande, ndipo uirudishe na kuwasha. Mlio wa sekunde chache mara hiyo ya kwanza usikutishe, ukiendelea, zima.

SWALI: Je, haitoshi kubadilisha tenshena peke yake?

JIBU: Hutosha pale tu ambapo cheni imepimwa na kuonekana ingali ndani ya kipimo cha kitabu na plastiki hazina ufa wala mfereji. Cheni iliyolika ikikazwa na tenshena mpya hunyamaza kwa muda, lakini urefu wake uko palepale, na P0016 itarudi.