Bango la ushirikina, na mzizi wa sh-r-k

Nina steshenari ndogo karibu na Makoroboi, hapa Mwanza. Fotokopi, barua za maombi ya kazi, kadi za mwaliko, na ukifika msimu wa mikutano, mabango. Miaka kadhaa iliyopita alikuja mzee mmoja, katibu wa chama cha wakulima wa pamba kutoka upande wa Kwimba, na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Nikaandika kazi yake usiku, umeme ukikatika na kurudi. Asubuhi akalikunjua bango barazani, akalisoma taratibu, akanitazama.

"Mwanangu, sisi tunalima pamba."

Bango lilisema: MKUTANO MKUU WA CHAMA CHA USHIRIKINA.

Nilitakiwa kuandika USHIRIKA; herufi mbili zimezidi. Aliyekulia Kanda ya Ziwa ataelewa kwa nini sikucheka. Huku kuna bibi zetu waliouawa kwa kushukiwa uchawi, macho mekundu ya moshi wa kuni yakageuzwa ushahidi. Nikalipia bango la pili kwa pesa yangu, na mzee akanisamehe kabla hata ya chai.

Lakini swali lilibaki: maneno haya yamekaribianaje hivi? Jirani yangu, ustadhi wa madrasa, ndiye aliyenifungua macho. Kiarabu hujenga maneno juu ya konsonanti, mara nyingi tatu. Irabu hubadilika, konsonanti hukaa. Hapa ni sh-r-k, na wazo lake ni kuwa na fungu katika kitu pamoja na mwingine. Ukinunua mtumbwi na shemeji yako, hiyo ni shirika. Ukimwekea Mungu mwenza, hiyo ni shirki. Anayefanya hivyo kwa Kiarabu ni mushrik, na wakiwa wengi ni mushrikin. Sisi tukalibeba lile umbo la wengi na mkia wake, tukapata mshirikina, hata akiwa mmoja. Ile "-ina" iliyonitia hasara ni alama ya wingi ya Kiarabu!

Tazama sasa lilivyosambaa. Kanisani tunaombewa "ushirika wa Roho Mtakatifu", na ndugu zetu Walutheri huita parokia yao usharika. Msikitini mzizi huohuo unataja dhambi iliyo kubwa kuliko zote. Kwenye pamba, mwaka 1955 wakulima wa kanda hii, Paul Bomani akiwa mbele, waliunda shirikisho la vyama vya ushirika lililobeba jina la Victoria. Shirikisho, ushirika: mzizi mmoja mara mbili katika pumzi moja. Tena Waarabu wenyewe walipohitaji neno la siasa ya ujamaa walichonga ishtirakiyya kutoka hapohapo. Mwalimu Nyerere akapita mlango mwingine, akachukua jamaa, neno lenye undugu na Ijumaa, jamii na jumuiya. Mimi naona alichagua vizuri, maana jamaa unamlisha hata kama hana hisa.

Kwa hiyo wewe unayeandika, unayefundisha au unayechapa kazi za watu, nakushauri ujizoeze kuvua neno irabu na viambishi uone kinachobaki. Ukiandika muhtasari wa mkutano hutachanganya mshiriki, aliyehudhuria, na mshirika, mwenye fungu au anayesimama upande wako. Msharika ni muumini wa usharika. Mshirikina tumeshamwona. Mimi hawa wanne nimewabandika ukutani juu ya kompyuta, na nikichapa kazi ya chama chochote nawasoma kwanza.

Ila usiamini sikio peke yake. Mwaka jana nilimwambia kijana wangu wa dukani, kwa kujiamini kabisa, kwamba mashariki nayo ni ya ukoo huu, kwa kuwa nchi za Afrika Mashariki zinashirikiana. Ustadhi alicheka mpaka akavua kofia. Mashariki ina herufi qaf, inayotamkwa kooni, na mzizi wake unahusu kuchomoza kwa jua. Kiswahili kilizisikia zote mbili kuwa k. Ndivyo ilivyo kwa safari na sifuri: kwa Kiarabu s zao ni mbili tofauti. Na katibu si ndugu wa hatibu, yaani mtoa hotuba, ingawa ofisini mtu mmoja anaweza kuwa vyote viwili. Kamusi ya Kiswahili itakuonyesha kwamba neno limetoka Kiarabu, lakini mzizi wenyewe muulize anayesoma herufi zile. Mijini kwetu hakosekani, mpelekee kahawa.

Wala usiuachie mzizi ukupangie maana. Nimewahi kumsikia mtu akidai shirika la umma lina "asili ya shirki" kwa sababu ya herufi tatu. Huo ni uvivu. Maana hukaa kwa wanaolitumia neno, na mkulima wa Kwimba akisema ushirika anafikiria mizani, mbegu na malipo ya pamba yake.

Lile bango la kwanza sikulitupa, turubai ni mali. Mke wangu hulitandika uani akianika dagaa kutoka Mwaloni. Maandishi yanaangalia chini; siku alipolitandika kinyume, majirani walikuja kuuliza bei kwa sauti ya chini sana.